Simu zinaijua, sisi hatuijui

Shemeji yangu aliuliza swali ambalo kila mgeni huuliza siku hizi, tena kabla hajakaa vizuri: "Shemeji, Wi-Fi yenu ni ipi hapa, na nywila ni nini?" Jina nilimwonyesha, lilikuwa la kwanza kwenye orodha. Nywila nikafungua mdomo kuitaja, nikaufunga. Nikamwita mke wangu. Naye akatazama dari kama mtu anayejaribu kukumbuka jina la mwalimu wake wa darasa la pili. Tukawauliza watoto. Mkubwa akashangaa kwelikweli: "Kwani huwa inaandikwa?"

Tulikuwa tumeishi na mtandao ule miaka minne. Simu sita, kompyuta mbili, televisheni, printa, kamera ya mlangoni, vyote vilikuwa vikijiunga bila kuuliza kitu. Kila kifaa kiliijua nywila. Sisi watano wenye nyumba, hakuna aliyeijua.

Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wakati huo sikujua bado kwamba tunaumwa.

Mahali pa kwanza pa kutazama ni mgongo wa ruta, kile kisanduku kinachorusha Wi-Fi, au tumbo lake. Karibu kila ruta hutoka kiwandani ikiwa na stika yenye jina la mtandao, ambalo mara nyingi huandikwa SSID, pamoja na nywila. Yetu ilikuwa juu ya kabati, imevaa vumbi la miaka yote minne, na stika ilikuwa upande unaotazama ukuta. Sikuing'oa. Niliingiza simu kwenye ule mwanya, nikapiga picha, nikaikuza. Halafu nikakaa nikijiuliza kama ile ni sifuri au herufi O, kama hii ni moja, au I kubwa, au l ndogo. Sijui wanaochagua maandishi ya stika hizi wana macho ya aina gani.

Nilijaribu mara sita, kila mara na tafsiri yangu mpya. Zote zikakataa. Ndipo nikaona jambo ambalo ningeliona mapema kama nisingekuwa na haraka: hata jina lililo kwenye stika halikufanana na jina la mtandao wetu. Stika husema kweli siku ya kwanza tu. Mtu akishabadilisha chochote ndani ya ruta, stika inabaki kumbukumbu ya kiwandani. Na mtu alikuwa amebadilisha. Nikamkumbuka fundi aliyekuja kufunga intaneti, aliyeketi dakika ishirini na kompyuta yake mapajani, akatuandikia nywila kwenye kipande cha karatasi, akaondoka. Karatasi ilikwenda zinakokwenda karatasi.

Mkubwa akapendekeza tubonyeze kile kitufe kilichojificha kwenye tundu dogo nyuma ya ruta, kwa sindano, sekunde kumi, "inarudi kama mpya." Ni kweli inarudi kama mpya, na hapo ndipo penye tatizo. Pamoja na nywila, inasahau pia jina la mteja na siri ambazo ruta nyingi hutumia kujitambulisha kwa kampuni ya intaneti. Usipokuwa nazo mkononi, utakuwa na Wi-Fi yenye nywila unayoijua, isiyofika popote. Kitufe kile ni cha mwisho kabisa, au ni cha siku unapompa mtu mwingine ruta yako ya zamani. Siku hiyo kibonyeze bila huruma, maana siri zako zote ziko humo ndani.

Kumbe jibu tulikuwa nalo mifukoni. Kifaa kilichokwisha kuunganishwa kinaitunza nywila, na siku hizi hukubali kuionyesha kikishahakikisha kwamba wewe ni wewe. Kwenye simu za Android, kuanzia toleo la 10 lililotoka mwaka 2019, unaingia kwenye mipangilio ya Wi-Fi, unagusa mtandao uliounganishwa nao, unachagua kushiriki, unaweka alama ya kidole, na msimbo wa QR unatokea; simu nyingi huandika nywila yenyewe chini ya msimbo huo. Simu isipoiandika, skani msimbo kwa simu ya pili inayosoma maandishi: utaona mstari unaoanza na WIFI, kisha S ikifuatwa na jina, na P ikifuatwa na nywila. Hakuna kilichofichwa ndani ya ile michoro, ni maandishi matupu. Ndiyo maana sipendi kuona watu wakipiga picha za sebule zao na msimbo huo ukutani, kisha wakazirusha mitandaoni.

iPhone zilichelewa. Mpaka iOS 16, mwaka 2022, ungeweza kumpa nywila mtu aliye karibu nawe lakini usiione wewe mwenyewe. Sasa unagusa ile herufi i kando ya jina la mtandao, kisha unagusa mstari wa nywila. Kompyuta za Mac nazo huitoa kwenye mipangilio ya Wi-Fi.

Mimi nilitumia kompyuta ya Windows, kwa sababu ndiyo niliyokuwa nimeifungua. Unafungua dirisha la amri (Command Prompt) na kuandika hivi, ukiweka jina la mtandao wako ndani ya alama za kunukuu:

netsh wlan show profile name="JINA" key=clear

Maneno mengi yatashuka. Tafuta mstari wa "Key Content". Nami nikautafuta, nikaupata, na mbele yake palikuwa na namba ya simu.

Mke wangu ndiye aliyeitambua. Tulikuwa nayo kwenye orodha ya majina: ya fundi.

Sina kesi naye. Alihitaji nywila asiyoweza kuisahau, na sisi hatukuwa na maoni. Lakini nilikaa pale nikipiga hesabu ya nyumba ambazo huenda zimefungwa kwa ufunguo uleule, na nikaanza kusoma. Nilikuwa nikidhani kwamba mtu anayetaka kuiba Wi-Fi husimama nje ya dirisha akijaribu nywila moja baada ya nyingine mpaka achoke. Sivyo. Simu yako inapojiunga na ruta, haitamki nywila hewani. Vyombo hivyo viwili hubadilishana ujumbe mfupi mara nne ili kila kimoja kimthibitishie mwenzake kwamba anaijua. Anayesikiliza karibu hurekodi mazungumzo hayo, sekunde chache tu, kisha anaenda zake. Kubahatisha anakufanyia kwake, kwa starehe, na ruta yako haitajua kitu. Huo ni udhaifu wa WPA2, ulinzi uliopo tangu mwaka 2004 na ambao bado uko kwenye nyumba nyingi sana.

Kadi moja ya michoro, ya zile wanazonunua wapenda michezo ya kompyuta, inaweza kujaribu malaki ya nywila kwa sekunde. Namba ya simu inaonekana ndefu, lakini tarakimu zake za mwanzo zinajulikana na kila mtu. Zikibaki saba za kubahatisha, jumla ni namba milioni 10. Mahesabu hayo hayamalizi dakika moja.

Jina la mtandao nalo limo kwenye hesabu hiyo, jambo ambalo sikulitegemea. WPA2 huchanganya nywila na jina, ikausaga mchanganyiko huo mara 4,096, na kinachotoka ndicho ufunguo wenyewe. Kwa hiyo nyumba mbili zenye nywila moja lakini majina tofauti zina funguo tofauti. Ukibaki na jina ambalo maelfu ya watu wanalo, mtu anaweza kuwa ameshasaga nywila za kawaida dhidi ya jina hilo siku nyingi zilizopita, akangoja wewe tu.

Basi lipe jina lako. Una nafasi ya baiti 32, yaani herufi 32 za kawaida. Ukipenda vikaragosi (emoji), kila kimoja hula baiti nne au zaidi, hivyo vinane vimejaza. Herufi kubwa na ndogo ni tofauti. Usiweke jina la ukoo wala namba ya nyumba, kwa sababu ruta hulitangaza jina hilo kama mara 10 kwa sekunde kwa kila anayepita, na huna haja ya kumweleza mpita njia ni mlango upi wenye kamera. Ukiongeza _nomap mwishoni, Google haitaitumia ruta yako kwenye kanzidata yake ya kukisia mahali simu zilipo. Ni jambo dogo, ila napenda kwamba lipo. Zaidi ya hapo, jifurahishe. Hata neno Wi-Fi lenyewe lilibuniwa na kampuni ya kutunga majina ya biashara mwaka 1999 kwa sababu linasikika vizuri, na si kifupisho cha kitu chochote.

Kuna ushauri mmoja wa zamani ambao bado unazunguka: ficha jina, mtandao usionekane. Niliufuata kwa siku moja. Mtandao uliofichwa bado unanaswa na programu yoyote inayosikiliza mawimbi, na mbaya zaidi, simu yako sasa inalazimika kuulizia jina hilo kwa sauti kila uendako, kwa kuwa haliwezi kuonekana lenyewe. Umelificha nyumbani ukaenda kulitangaza barabarani.

Sasa, kubadilisha. Hapa ndipo nilipoelewa ugonjwa wetu ulikuwa upi.

Ruta ina nywila mbili. Ya kwanza ndiyo anayoiulizia mgeni, inakuingiza ndani. Ya pili ni ya ruta yenyewe, ile inayofungua ukurasa wa mipangilio. Anayeijua hiyo anaweza kubadilisha vitasa vyote na kukuacha nje. Nyumba nyingi nilizouliza tangu siku hiyo zinalinda ya kwanza na hazijawahi kusikia habari za ya pili. Tulikuwa hivyohivyo.

Ukurasa huo haupo kwenye intaneti, umo ndani ya ruta. Unafungua kivinjari na kuandika anwani yake kwa namba, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Usibahatishe: kwenye Windows andika ipconfig kwenye lile dirisha la amri, utaiona kwenye mstari wa "Default Gateway", kwenye simu, imo katika maelezo ya mtandao uliounganishwa nao. Andika namba tupu kwenye sehemu ya anwani, usitafute kwa Google, la sivyo utaletewa tovuti za watu wanaojifanya ruta. Ruta mpya nyingi zina programu ya simu badala ya ukurasa huu. Ni rahisi zaidi, ingawa nyingi zitakutaka kwanza ufungue akaunti, jambo ambalo linanikera.

Ukurasa ukanitaka jina na nywila. Nikaandika admin, na admin tena, kwa mzaha. Ukafunguka.

Miaka minne. Mtu yeyote aliyewahi kupewa Wi-Fi yetu, pamoja na kila rafiki wa watoto, angeweza kuingia pale na kufanya nilichokuwa nakaribia kufanya. Wala si lazima awe mtu. Mwaka 2016 kirusi kilichoitwa Mirai kilizunguka intaneti kikigonga ruta na kamera zilizokuwa wazi na kujaribu orodha fupi ya nywila za kiwandani, mambo ya admin na admin, na kikapata vifaa vingi kiasi cha kuangusha tovuti kubwa kwa saa kadhaa mwezi Oktoba mwaka huo. Tangu Aprili 2024, Uingereza inakataza kwa sheria kuuza kifaa cha nyumbani cha intaneti chenye nywila moja ya kiwandani kwa wote. Ruta mpya kwa hiyo mara nyingi huja na nywila ya pili ya kipekee kwenye stika. Za zamani bado zinasema admin.

Kabla ya kubadilisha chochote nilifungua orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Nilivyovihesabu nyumbani vilikuwa 11, na shemeji alikuwa ameshaunganishwa kwa msimbo wa QR, 12. Orodha ilisema 15.

Kutambua kifaa kwenye orodha ile ni kazi ya upelelezi. Baadhi vinajitaja kwa jina, vingine ni namba na herufi tu. Zamani namba na herufi hizo, yaani anwani ambayo kifaa hupewa kiwandani, zingekusaidia kumjua mtengenezaji, lakini simu za sasa hujivika anwani ya kubuni kwa kila mtandao ili zisifuatiliwe, na ni haki yake, ila inamchosha mwenye nyumba. Njia niliyotumia ni ya kitoto: nilizima kifaa kimoja, nikaona nani katoweka kwenye orodha, nikaandika, nikakiwasha, nikaenda kingine. Televisheni ikawa inahesabiwa mara mbili, kwa waya na kwa hewa. Kilichofuata kilikuwa tableti iliyosahauliwa kwenye droo, ikiwa kwenye chaja tangu siku ambayo hakuna anayeikumbuka. Cha tatu sikukijua. Mpaka leo sikijui.

Nikaanza na nywila ya pili, ile ya admin, kwa sababu hakuna maana ya kubadilisha mlango huku kitasa kikiwa mikononi mwa watu. Kisha ya Wi-Fi. Inakubali kuanzia herufi 8 hadi 63, na urefu ni bora kuliko vikorombwezo. Mwaka 1995 Arnold Reinhold alitoa njia ambayo bado sijaona inayoizidi: orodha ya maneno 7,776, unarusha dadu mara tano, namba zinakuchagulia neno. Maneno manne ya bahati nasibu ni zaidi ya mipangilio trilioni 3,600. Ile kadi ya michoro, hata tukiipa majaribio laki tano kwa sekunde, ingehitaji zaidi ya miaka 200 kuimaliza orodha. Neno la tano linaizidisha miaka hiyo mara 7,776. Siri yote iko kwenye bahati nasibu: ukichagua maneno mwenyewe utachagua timu yako, mtoto wako na mwezi wako wa kuzaliwa.

Sikuwa na orodha ya Kiswahili mkononi, nikatumia kamusi na kidole huku nimefumba macho, njia isiyo safi kama dadu lakini bora kuliko akili yangu. Kidole cha kwanza kiliangukia neno lenye ng', nikafurahi, likaniadhibu. Nililiandika kwanza kwenye programu ya kumbukumbu ya simu, nayo ikaigeuza ile alama kuwa ya kujikunja, kama za vitabuni. Nywila ya Wi-Fi inataka alama za kawaida za kibodi tu. Nusu saa nilikuwa nikinakili neno lililo sahihi machoni na kukataliwa. Kwa hiyo, kwenye nywila, ng'ombe abaki zizini.

Ukiwa humohumo, tazama aina ya ulinzi. Ukiona WEP, ambayo ilivunjwa tangu 2001, kimbia. WPA3, iliyotangazwa 2018, inafunga ile njia ya kurekodi na kubahatisha nyumbani, lakini vifaa vya zamani haviielewi; ruta nyingi zina chaguo la kuchanganya WPA2 na WPA3, nami nikachagua hilo. Nikazima pia WPS, njia ya kuunganisha kifaa kwa kubonyeza kitufe cha ruta bila kuandika nywila. Kitufe chenyewe si kibaya. Kibaya ni PIN yake ya tarakimu nane ambayo, kama ilivyofichuliwa mwishoni mwa 2011, hukaguliwa nusu kwa nusu, hivyo majaribio 11,000 yanatosha. Kwenye ruta yangu viwili hivyo huzimwa pamoja.

Nikawasha mtandao wa wageni, ambao unampa mgeni intaneti bila kumfikisha kwenye printa na kompyuta zako. Kamera ya mlangoni nikaihamishia huko pia. Ni kifaa nisichokiamini sana. Iligoma mpaka nilipokumbuka kwamba vifaa vidogo vingi husikia masafa ya GHz 2.4 tu, na mtandao wa wageni ulikuwa umewashwa kwenye GHz 5.

Halafu nikabonyeza kuhifadhi, na nyumba nzima ikalia kwa pamoja.

Hili sina dawa yake. Ukibadilisha jina au nywila, kila kifaa kinaanguka na kila kimoja kinataka kuingizwa upya kwa mkono. Ila ujue kinyume chake, kinachosaidia siku ya kununua ruta mpya: ukiipa jina lilelile, nywila ileile na aina ileile ya ulinzi, vifaa vyako vitajiunga vyenyewe, havitajua kwamba ruta imebadilika.

Nywila zote mbili nikaziandika kwa kalamu, kwenye karatasi, ndani ya mlango wa kabati. Watu hucheka. Lakini anayetaka kuvunja mtandao wangu yuko nje na antena, hayuko ndani akifungua makabati.

Simu zikarudi zote, televisheni ikarudi. Kile kifaa cha tatu hakikurudi, na hakuna mtu aliyekuja kulalamika.

Ikabaki printa. Ina kioo cha mistari miwili na vitufe vya mshale, na kila herufi inatafutwa kwa kubonyeza mshale kuanzia A. Nywila yetu mpya ina herufi 31. Nilifika ya 19, nikapitiliza moja, nikabonyeza cha kurudi nyuma, ikafuta zote. Kitufe cha WPS kingeimaliza kazi ile kwa sekunde mbili, lakini nilikuwa nimekizima mwenyewe saa moja kabla. Sasa tunachapisha kwa waya.